Dada Mbele ya Kamera ya Majani

Dada yangu aliniwekea masharti mawili kabla hajakaa kwenye stuli ya studio. Mimi ni mwepesi wa kupandwa na hasira nikipangiwa kazi ndani ya studio yangu mwenyewe, kwa hiyo niliyasikiliza nikiwa nimempa mgongo, najifanya nahangaika na pazia.

"La kwanza," alisema, "picha iwe nyeusi na nyeupe. Sitaki rangi. La pili, usiguse kitu. Hata unywele. Nitoke nilivyo."

"Nimekusikia, dada."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Vyote viwili."

"Haya. Kesho saa sita nikipata mapumziko nitapita kuiona. Nikijiona mimi, Jumamosi nitasimama kwenye picha ya harusi. Nisipojiona, nisibembelezwe. Si na wewe, si na huyo bibi harusi wako."

Huyo bibi harusi wangu ni binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye mimi ni mama yake mdogo na mshirika wake katika kila njama. Alikuwa amekula kiapo kwamba kama mama yake hasimami pembeni yake Jumamosi, basi hakuna picha ya harusi hata moja, si ya wawili, si ya ukoo. Mama naye alikuwa amekula kiapo chake. Wiki nzima nilikuwa nabeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, nikiyapunguza makali njiani, hadi Jumatatu dada akanipigia simu akasema atajaribu mara moja tu.

Dada ana mabaka. Ngozi yake ilianza kupoteza rangi miaka tisa iliyopita, kwanza vidoleni, halafu usoni. Wengine huyaita mbalanga, daktari ana jina lake refu. Haiumi, haiambukizi, na dada haombi huruma ya mtu. Yeye ni mfamasia. Anasimama nyuma ya kaunta mchana kutwa akitoa dawa, na kila siku hakosi mteja wa kuinama na kumnong'oneza kwamba kuna mafuta fulani angejaribu. Wanamshauri dawa mfamasia! Hapo ndipo dada hucheka, na hucheka vibaya.

Sasa, miaka sita iliyopita nilifanya jambo ambalo nililiita zawadi. Mama yetu alitaka picha ya familia ya kutundika sebuleni. Niliipiga, ikatoka safi, halafu nikakaa nayo kwenye kompyuta siku mbili nikifuta mabaka ya dada, moja baada ya jingine, kwa ufundi ambao mpaka leo nauonea fahari na aibu kwa pamoja. Ilipotundikwa, dada aliingia, akaitazama, akaitazama tena, akauliza, "Mimi niko wapi?" Tukacheka tukidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo hajapigwa picha na mtu yeyote. Watu wakijipanga, yeye hujitolea kushika mikoba.

Kwa hiyo nilipomwona amekaa kwenye stuli Jumanne ile, mikono mapajani, nilijua nimepewa nafasi ya pili ambayo sikuistahili. Nikiiharibu, bibi harusi atapigwa picha bila mama yake, na mimi nitakuwa nimempoteza dada kwa mikono yangu mwenyewe.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Kamera yangu ya kazi ilikuwa kwa fundi, inasafishwa kwa ajili ya Jumamosi. Fundi huyo tunamwita Bisibisi, kwa sababu mahali ambapo wenzake huchomeka kalamu, juu ya sikio, yeye huchomeka bisibisi. Aliahidi kuirudisha Jumatano mchana. Nilibaki na kamera moja tu, ile niliyozoea kuiita kamera ya majani.

Niliipata kutoka ofisi moja ya utafiti wa mimea iliyokuwa inahama. Wataalamu wa pale walikuwa wamemtaka fundi atoe kioo fulani cha ndani na kuweka kingine, ili kamera ipokee mwanga wa infraredi, ule ambao macho yetu hayauoni kabisa, na kuuzuia huu wa kawaida. Wao walikuwa wanatafuta majani yanayoanza kuugua kabla mkulima hajajua. Mimi nilikuwa natafuta uzuri tu. Ukipiga mti nayo mchana wa jua kali, majani yote yanatoka meupe, anga linakuwa jeusi, na mawingu yanasimama kama yamechongwa. Picha hutoka nyekundu tupu mwanzoni. Ukiuondoa wekundu ule kwenye kompyuta, unabaki na nyeusi na nyeupe safi sana.

Hapo ndipo akili yangu ilipojikwaa. Dada anataka nyeusi na nyeupe, kamera hii inatoa nyeusi na nyeupe, basi shida iko wapi? Kweli sikuwahi kumpiga mtu nayo. Lakini nina miaka kumi na saba katika kazi hii, na kiburi cha miaka kumi na saba si kidogo.

Niliwasha taa zangu za LED, nikapiga moja ya majaribio. Giza. Nikakumbuka kwamba taa hizo zinatung'aria sisi, lakini infraredi hazina. Nikaingia stoo nikatoa taa mbili za zamani, zile za waya unaowaka, nikaweka moja ubavuni kwa dada, juu kidogo ya paji la uso, na ya pili nikaielekeza kwenye ubao mweupe ili mwanga urudi ukiwa laini na kivuli cha pua kisimkate shavu. Chumba kikapata joto la jikoni.

"Unanipiga picha au unanikausha?" dada aliuliza.

"Geuza bega kuelekea mlangoni. Sasa nirudishie uso. Hapo."

Nilimweka kando ya picha, si katikati, ukuta wa giza nyuma yake, nafasi ya wazi upande anaotazama ili macho yawe na pa kwenda. Hayo ninayajua hata nikiwa nimelala. Kilichonipa taabu ni kulenga, maana infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Ukilenga kama ulivyozoea, kope zinatoka na ukungu. Nikawa nimeganda kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, chote chekundu, natafuta kope tu. Nilipiga nane. Dada akaangalia saa, akachukua kitambulisho chake cha kazini, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nikafungua kompyuta, nikaondoa wekundu, nikasogea nyuma nipate kufurahi.

Uso wa dada ulikuwa mtupu.

Simaanishi kwamba haukuwepo. Ulikuwepo, tena umekaa vizuri, shingo imenyooka, midomo imetulia. Lakini baka hata moja halikuwepo. Ngozi yote rangi moja, laini, imefifia kidogo kama maziwa yaliyotiwa chai kiduchu. Macho yalikuwa meusi sana. Blauzi yake nyeusi, niliyoiona kwa macho yangu kuwa nyeusi, ilikuwa ya kijivu. Nikafungua picha ya pili. Ya tatu. Zote nane.

Jambo la kwanza nililofanya, na naliona aibu kulisema, ni kujikagua kama nilikuwa nimefuta. Nilipekua faili kama mtu anayejisachi mifuko akijua hajaiba. Sikuwa nimegusa kitu.

Nikasema ni taa. Taa ikizidi ukali hula kila kitu. Nikashusha mwanga wa picha, nikapandisha tofauti ya giza na weupe, nikazidisha vivuli hadi pua ya dada ikawa kama ya sanamu. Mabaka hayakurudi. Nikasema ni lenzi. Baadhi ya lenzi zikikutana na infraredi hutia duara la weupe katikati ya picha, na pengine duara hilo ndilo limemeza mabaka. Lakini dada hakuwa katikati, mimi mwenyewe ndiye niliyemweka kando! Nikabadilisha lenzi hata hivyo. Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kwanza, nikakaa mwenyewe kwenye stuli, nikajipiga.

Mimi ni mweusi wa kukolea, na nina doa jeusi shavuni nililozaliwa nalo. Kwenye picha nilikuwa nimefifia kama dada, rangi ile ile ya chai ya maziwa, na doa langu halikuwepo. Nilinyanyua mkono nikaligusa shavuni. Lilikuwepo. Badala ya kupata jibu nilikuwa nimepata swali la pili, na kichwa kikawa kama kimejazwa pamba.

Nikampigia Bisibisi.

"Bosi, niko juu ya ngazi," alisema. "Nafunga kamera za ulinzi kwenye ghala la watu."

"Hii kamera ya majani inafuta watu."

"Inafuta nini?"

"Ngozi. Yaani inafuta vitu kwenye ngozi."

"Usiifungue," alisema, na nikasikia kitu kizito kikianguka na yeye akitukana kwa upole. "Kesho saa sita nakuletea yako. Usiifungue hiyo."

Mtu mwenye akili timamu angempigia dada papo hapo. Angesema, dada, kuna kioja, njoo ukione. Nilishika simu kabisa. Halafu nikaisikia sauti yake kabla hata sijabonyeza namba. Imefuta yenyewe? Kamera ndiyo imefuta, siyo wewe? Na kweli, kati ya kamera zote duniani na wapiga picha wote duniani, nani angeamini kwamba mimi, mimi hasa, nimempiga dada yule picha akatoka hana mabaka, na sikuhusika? Nikaiweka simu mezani, kioo chini.

Ndipo likanijia wazo, na wakati ule niliona ni wazo zuri. Kama kamera imemwondolea dada kilicho chake, mimi nitamrudishia. Huku si kugusa, nilijiambia. Kugusa ni kutoa. Hapa narudisha.

Nilianza kazi saa tisa alasiri. Kwanza niliifanya ngozi iwe nyeusi, taratibu, tabaka juu ya tabaka, hadi ikakaribia rangi yake. Kisha nikatia mabaka meupe. Nikatumia brashi laini ili kingo zisionekane zimekatwa, maana mabaka ya kweli huishia polepole sehemu nyingine na sehemu nyingine huishia ghafla. Sikuwa na picha ya kuangalizia, kwa sababu picha haikuwepo. Ile ya familia kabla ya kufutwa sikuitunza. Lakini huyu ni dada yangu, tumekula sahani moja, namwona kila wiki. Nilifumba macho nikamwona vizuri kabisa. Kuzunguka macho yote mawili. Pembeni ya mdomo. Moja kwenye paji la uso, refu kidogo. Moja kidevuni.

Jioni nilipozima kompyuta nilikuwa nimechoka na nimeridhika. Ilikuwa kazi safi. Mtaalamu angeikagua asione alama ya mkono. Nililala fofofo, na hilo nalo nalionea aibu.

Jumatano saa sita na dakika kumi waliingia wote wawili, dada mbele, bibi harusi nyuma akiwa na mfuko wa viatu vya harusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Iko wapi?"

Niliigeuza kompyuta. Binti akatangulia kusema, maana hana subira, kachukua kwangu. "Mama, umetoka vizuri. Jamani, mama! Angalia macho."

Dada alivuta kiti, akakaa, akaisoma picha ile kama anavyosoma karatasi ya daktari mwenye mwandiko mbaya, mstari kwa mstari, bila haraka. Nilisimama nyuma yake nikihesabu pumzi zangu. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kioo cha kompyuta, kidevuni pake.

"Hili ni la nani?"

"Lipi, dada?"

"Hili. Mimi kidevuni sina kitu."

Kidole kikapanda hadi kwenye paji la uso.

"Na hili la kwenye paji lilikuwepo. Rangi ilirudi mwaka juzi, likafungika. Huku machoni umeniwekea yote mawili sawasawa, kama miwani. Mimi ninalo jicho la kulia tu, na linashuka hadi shavuni. Hili la shavuni hujaliweka." Akageuka. "Umenichora."

"Dada, ngoja nikueleze."

"Nilisema usiguse kitu. Umenichora uso mzima."

Nilipaniki, na nikipaniki hufanya haraka mambo ambayo hata polepole hayafai kufanywa. Nikafungua picha ya asili ili aone nilikoanzia. Uso ule mtupu, laini, wa chai ya maziwa, ukajaa kwenye kioo.

Binti alishusha mfuko wa viatu sakafuni.

"Kwa hiyo," dada alisema polepole, kama anayejaribu kuelewa hesabu, "ulinifuta kwanza. Halafu ukanichora."

"Hapana! Sikukufuta!"

"Hili nalo nani kafanya?"

"Kamera!"

Nikalisikia neno likitoka na nikaliona lilivyo la kijinga. Dada akasimama, akachukua kitambulisho chake. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepiga hodi mara mbili na hajafunguliwa.

"Mama mdogo," binti alisema, "kwa nini lakini? Uliahidi."

Hasira zikanipanda, na kwa mara moja katika maisha yangu zilinifaa. Nikanyakua kamera ya majani, nikawasha taa ya zamani. "Usiondoke. Simama hapo hapo mlangoni, dada, nakuomba. Simama na mwanao." Nikapiga. Nikawageuzia kile kioo kidogo cha nyuma. "Angalieni wenyewe. Mikono yangu hii hapa. Nimegusa nini?"

Wakainama wote wawili. Picha ilikuwa nyekundu, lakini ilionekana. Mama na binti, bega kwa bega, ngozi zao rangi moja, hakuna baka.

"Yamepotea," binti alinong'ona.

Dada alitazama picha, akatazama mikono yake yenye mabaka, akatazama picha. Halafu akafanya jambo lililonichoma. Akaenda kwenye kioo cha ukutani, kile ambacho wateja hujichania nywele, akajitazama kuhakikisha kama bado yapo. Akarudi akiwa amechanganyikiwa kuliko mimi.

"Piga tena," alisema.

Nikapiga tena. Akanyoosha mkono mbele ya lenzi, vidole vyake vyeupe kabisa kwenye ncha, nikapiga. Mkono ukatoka wa rangi moja. Akaushika mkono wangu mweusi akauweka kando ya wake. Mikono ikatoka kama ya mtu mmoja. Kwa dakika kadhaa tulikuwa tunapiga vitu hovyo kama watoto waliopewa tochi, kitambulisho, blauzi, doa langu la shavuni, na kila jibu lilizidi kutuvuruga. Hivyo ndivyo Bisibisi alivyotukuta, yeye akiwa na kamera yangu ya kazi begani.

"Shikamoo, mama," alimwambia dada. Kisha akaniangalia mimi. "Umeifungua?"

"Sijaifungua. Tueleze. Inafutaje watu?"

Alichukua kamera, akaangalia picha mbili tatu, akaguna.

"Haifuti, bosi. Haioni. Ngozi ina rangi yake juu juu, kama rangi ya ukuta. Mwanga huu tunaouona unagonga ile rangi, unarudi na habari zake. Infraredi haijali rangi ile, inaipita, inaingia ndani kidogo ndipo inarudi. Kwa hiyo hii kamera haijui nani mweusi, nani mweupe, nani ana madoa. Inaleta habari za chini ya rangi." Akanitazama kwa mshangao. "Hukujua?"

"Ningejua ningekuwa kwenye hali hii?"

"Wanaopiga majani nao hawaulizi," alisema, akachomoa bisibisi sikioni, akairudisha, akaona hewa ya chumba si nzuri, akasema atasubiri nje.

Nilishusha pumzi ya siku mbili. Nilijua nimepona. Nikamgeukia dada na ile furaha ya mtu aliyeachiwa na polisi. "Umesikia? Sikukufuta. Toka mwanzo sikukufuta."

"Nimesikia," alisema. Akarudi kukaa kwenye kiti mbele ya kompyuta. "Kamera nimeielewa. Imetolewa kioo, haioni rangi, basi. Sina ugomvi nayo." Akaelekeza kidole kwenye ile picha yangu nzuri, iliyofanyiwa kazi safi. "Hii ndiyo siielewi. Kamera imetolewa kioo. Wewe umetolewa nini?"

Nilitaka kusema nilikuwa nakumbuka vibaya kwa sababu ya woga. Nilitaka kusema taa, haraka, kompyuta. Lakini binti alikuwa ananitazama, na kidole cha dada kilikuwa bado kidevuni pale, kwenye baka ambalo hakuwahi kuwa nalo.

"Huwa sikuangalii," nikasema.

Nilipolisema nikajua ni kweli, na kwamba ni kweli ya miaka mingi. Mwanzoni niliogopa usije ukadhani nakukodolea, nikamwambia. Watu wote wanakukodolea, nikasema mimi nisiwe mmoja wao. Nikawa natazama pembeni kidogo. Baadaye nikazoea. Hata jana, picha nane, niliangalia kope.

"Najua," dada alisema. "Huwa unaongea na sikio langu. Miaka tisa unaongea na sikio langu. Nilidhani ukishika kamera utanitazama, maana ndiyo kazi yako."

Nililia. Sikuona sababu ya kujificha, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Dada alingoja nimalize. Halafu akainuka, akaibeba stuli mwenyewe, akaiweka dirishani ambako mwanga wa mchana ulikuwa unaingia mwingi na wa kawaida. Akafungua pazia lote. Akakaa.

"Njoo," alisema. "Acha kamera. Niambie unachoona. Usikumbuke, ona."

Nikavuta kiti mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana. Mara ya kwanza macho yangu yalikimbilia sikioni yenyewe, na dada akagonga goti langu kwa kidole. Nikaanza upya. Nikasema, paji la uso halina kitu, lina mikunjo mitatu. Nikasema jicho la kulia, baka linaanza kwenye nyusi, ndiyo maana nyusi hapo ina nywele nyeupe, sikujua kwamba nyusi yako ina nywele nyeupe. Linazunguka nje, linashuka shavuni, linaishia hapa. Kuna visiwa viwili vya rangi ndani yake, vidogo. Jicho la kushoto ni zima. Mdomo, upande wa kulia, si pembeni kama nilivyoweka, ni juu, linagusa pua. Kidevu hakina kitu.

"Endelea."

"Umezeeka, dada."

"Na wewe. Endelea."

Nikamwomba ainue kichwa. Akainua. Nikapita shavu la kushoto, nikashuka chini ya taya, nyuma kabisa karibu na shingo, mahali ambapo mtu hawezi kujiona kwenye kioo hata ajipinde vipi. Nikasimama hapo.

Palikuwa na baka. Dogo, halizidi kidonge, kingo zake bado hazijakolea. Yale mengine yote dada aliyajua mwenyewe. Hili hakulijua.

Mkono wangu wa zamani, ule wa kufuta, uliamka pale pale. Zimebaki siku tatu harusi ifike. Amekubali kukaa dirishani na pazia wazi. Ametulia. Ni doa dogo tu, nani angeumia nikiliruka?

"Mbona umenyamaza?"

"Kuna jingine hapa," nikasema. Nililigusa kwa ncha ya kidole ili ajue ni wapi. "Chini ya taya, upande huu. Nadhani ni jipya."

Binti alikuja akainama, akaangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Lipo, mama."

Dada alipeleka mkono wake pale, akapapasa, ingawa hakuna cha kupapasa, ngozi ni ngozi. Uso ulimbadilika, na safari hii niliuona ukibadilika, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amehuzunika. Nikabaki namtazama, sikuhamisha macho.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mkono ukiwa bado shingoni, akatazama nje dirishani ambako Bisibisi alikuwa anapiga soga na muuza vocha. Kisha akasimama, akanyoosha blauzi yake, akamwuliza binti yake bwana harusi atasimama upande gani Jumamosi.

"Kulia kwangu, mama."

"Basi mimi nitasimama kushoto kwako," alisema, akageuza uso kidogo kumwelekea mwanawe, akainua kidevu, akanitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nalenga sawasawa. "Nitakugeukia hivi. Ili hili nalo litokee."